Kina Kilichomuumiza Bibi Yangu

Shairi langu la kwanza kulisoma mbele za watu lilikuwa na mishororo minne tu, kila mmoja mizani 8. Vina vilikaa sawasawa, na bibi yangu akaumia.

Ilikuwa harusi ya dada yangu, nyumbani kwetu Pangani. Nilikuwa kidato cha tatu, na tangu mwanzo wa mwaka nilikuwa nimeshikwa na ushairi kama mtu anavyoshikwa na homa. Baba alikuwa na tabia ya kukata mashairi kwenye magazeti na kuyatia ndani ya sanduku la bati, na humo humo ndimo kilimokuwa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi cha Kaluta Amri Abedi, kile kilichotoka mwaka 1954. Nilikisoma mpaka nikawa nahesabu silabi hata za salamu. Shi-ka-mo-o, mizani 4. Ma-ra-ha-ba, mizani 4. Nilishangaa kuona kwamba hata mkubwa na mdogo wakiamkiana wanalingana.

Basi siku ya harusi nikaombwa nitoe mawili matatu. Nikasimama chini ya turubai, nikamtazama bibi aliyekaa mkekani na shoga zake, nikasoma:

Usiku alinilaza,
hadithi akaeleza,
ndiye aliyenikuza,
wangu mpenzi ajuza.

Vigelegele vikapigwa. Mjomba akanitunza noti. Bibi alitabasamu kidogo, akainamisha uso.

Jioni nilimpelekea chai chumbani kwake. Akaipokea, akaiweka chini bila kunywa. "Mume wangu," akasema, maana ndivyo alivyoniita tangu utotoni, kama mabibi wengi wa pwani wanavyowaita wajukuu wao wa kiume, "leo umeniita ajuza mbele za watu."

Nikajitetea. Nikamwambia, bibi, ajuza ni mwanamke mzee, basi, hata kamusi inasema hivyo.

"Ajuza ni yule wa hadithini," akanijibu. "Yule akaaye peke yake msituni, akawatega watoto wa watu. Hadithi hizo ni mimi niliyekusimulia. Sasa huyo ndiye mimi?"

Sikuwa na la kusema. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na nilijiona mshairi.

Ilinichukua muda mrefu kuona kosa lilikuwa wapi, maana nililitafuta mahali pasipo pake. Mwanzoni nilidhani nilikosea kuchagua neno moja. Sivyo. Nilikosea tangu nilipokaa kuandika, kwa sababu nilianza na kina. Nilikuwa nimepata laza, eleza na kuza, maneno matatu mazuri, na kikabaki kishimo kimoja mwishoni kinachotaka za. Nikaorodhesha visawe vyote vya bibi nilivyovijua: nyanya, bikizee, kizee, kikongwe, ajuza. Kimoja kikaingia kishimoni bila kulazimishwa, nami nikafurahi kama fundi aliyepata jiwe linalotosha pengo la ukuta. Sikujiuliza jiwe lile limetoka kwenye ukuta wa nani.

Sheria hazina lawama hapa. Vina na mizani havikunituma nimtukane mtu. Mimi ndiye niliyedhani kwamba visawe ni maneno yanayoweza kukaliana viti bila mtu kujua nani kaondoka.

Niliposhika chaki nikawa mwalimu wa Kiswahili wa shule ya msingi, huko Muheza, nikafanya kosa lile lile kwa watoto wa wenzangu. Nilikuwa nikiandika ubaoni orodha ya maneno ya kina kimoja, yote yanayoishia ki, yote yanayoishia ni, kisha nawaambia darasa la sita wachague watunge. Walitunga. Mmoja akaniletea mshororo wa mbuzi wao aliyekufa kwa kuvimbiwa: "Mbuzi wetu kafariki." Nilianza kucheka, kisha nikanyamaza. Mtoto alikuwa ametii kila nilichomfundisha. Silabi 8 zilikuwa kamili, na kina kilikuwa ki. Lakini mbuzi hafariki, mbuzi hufa. Binadamu hufa, hufariki, huaga dunia, hutangulia mbele ya haki. Mbuzi amepewa neno moja tu, na kila mtu mzima anayelima na kufuga anajua hivyo bila kufundishwa. Ubao wangu ndio uliompotosha.

Siku hiyo nikafuta orodha za vina, na sijaziandika tena.

Tangu hapo tunaanza na jozi. Kila mtoto anakuja darasani na maneno mawili, ama visawe ama vinyume, na kabla hajaandika chochote anatuambia maneno yale anayasikia wapi na kwa kinywa cha nani. Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo, na ninakiri kwamba vipindi vingine tunamaliza dakika zote bila mtu kuandika hata mshororo mmoja. Fedha ni ya benki na risiti. Pesa ni ya dukani. Hela ni ya kuomba kwa baba. Ngawira mtoto mmoja aliisikia redioni, mwizi akikimbia nayo. Ukishasikia hivyo huwezi tena kumwambia mtoto kwamba hayo ni maneno manne yenye maana moja. Yanakaa mtaa mmoja, lakini kila moja lina mlango wake.

Baada ya hapo ndipo tunapiga makofi, kofi moja kwa kila silabi, na hapa visawe vinaonyesha faida yao ya kweli kwa mtunzi. Moyo ni makofi mawili, mtima ni matatu. Njia ni mawili, tariki ni matatu. Mwanzo ni mawili, awali matatu. Mwisho mawili, tamati matatu. Mshororo wako ukipungukiwa na mizani moja, mara nyingi lipo neno la pili linaloweza kuubeba, na ndiyo maana washairi wa kale walikuwa na ghala kubwa la maneno kutoka lahaja mbalimbali za pwani. Lakini ghala ni la kuchagua. Mtoto wa Muheza akiandika mtima, namuuliza: umewahi kulisikia? Akisema amelisikia kwenye taarabu ya mama yake, namwambia liweke. Akisema amelikuta kwenye orodha, namwambia arudi kwenye moyo, akatafute kofi la tatu mahali pengine. Pengine ni ukali wangu tu, lakini katika hilo sijalegea.

Makofi nayo yana ugomvi wake. Mvua ni mawili, mvu-a. Mvuvi ni matatu, m-vu-vi. Watoto huona kama ninawaonea, maana herufi za mwanzo ni zile zile. Nawaambia waongeze mvuvi wa pili: ni wavuvi, ile m imeondoka, kumbe ilikuwa imesimama peke yake. Mvua ikiwa moja ni mvua, zikiwa nyingi ni mvua, m haiendi popote. Wanapiga tena, wanakubali.

Kwenye vinyume, mimi mwenyewe ndiye niliyejifunza zaidi ya wanafunzi.

Kiswahili kina namna ya kutengeneza kinyume ndani ya kitenzi chenyewe. Funga, fungua. Kunja, kunjua. Tega, tegua. Ziba, zibua. Nilikuwa nafundisha hayo kwenye sarufi siku ya Jumatatu na ushairi siku ya Alhamisi, na kwa miaka miwili sikuona kwamba ni somo moja. Kumbe mtunzi amepewa zawadi: vinyume vyote hivyo vinaishia ua, basi vina vinajileta vyenyewe. Zawadi ina mtego wake, kwa kuwa kinyume kinaongeza kofi. Funga ni mawili, fungua ni matatu. Ukiweka funga upande huu wa mshororo na fungua upande ule, lazima uende ukapunguze silabi moja mahali pengine, la sivyo upande mmoja utachechemea.

Darasa letu lilianza na mlango. Jozi ilikuwa ya msichana ambaye kwao wana genge la mboga. Tukatunga kwa pamoja mshororo wa mizani 16, 8 kwenye ukwapi, yaani nusu ya kwanza, na 8 kwenye utao, yaani nusu ya pili:

Asubuhi nafungua, jioni ninaufunga.

Hesabu ikatimia. Sasa ulihitajika mshororo wa pili wenye ua katikati na nga mwishoni. Ukaja huu:

Nguo kavu naanua, mbichi kambani natunga.

Hapo darasa likalipuka. "Mwalimu, nguo haitungwi, inaanikwa!" "Kwetu shanga ndizo zinazotungwa!" Walikuwa na haki, na aliyeutoa mshororo ule aliona haya. Nikamwambia asione haya, mimi nimeshamtunga bibi yangu mzima kwa uzi wa namna hiyo. Nikawasimulia habari ya ajuza. Wakanyamaza wote.

Kisha yule yule aliyeona haya akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwa nini tusiufute ule wa juu, tubaki na anika na anua?"

Nikapiga makofi. A-ni-ka, matatu. A-nu-a, matatu. Vinalingana! Nikawaambia watafute vingine vya namna hiyo, vinyume ambavyo kimoja kinaishia ika na kingine ua. Vikaja mbio: funika, funua. Bandika, bandua. Msichana mmoja akaleta injika na ipua, vya sufuria jikoni, ambavyo havikutoka kwenye mzizi mmoja lakini vinaishi kwenye mafiga mamoja. Saa nzima ikapita, kengele ikalia, hakuna aliyetoka. Ubao ukawa hivi:

Mvua ikija anua, jua likija anika,
Saa ya kula funua, inzi wakija funika,
Wali waiva ipua, maji tayari injika,

Ilibaki mishororo mitatu inayotafuta wa nne, ili ubeti uwe tarbia. Watoto wakaleta bandika na bandua, wakaleta mabango ya uchaguzi, wakaleta plasta ya kidonda. Kila moja lilienea, na kila moja lilikuwa kazi nyingine tu juu ya kazi tatu zilizokwisha kutajwa. Nyuma kabisa palikuwa na mvulana ambaye muhula mzima sikumsikia akisema zaidi ya "Ndiyo, Mwalimu." Akasimama, akasoma kutoka kwenye daftari lake:

Ndivyo siku yapungua, mama hajapumzika.

Nilihesabu kwa vidole mgongoni. Nane na nane. Lakini si hesabu iliyonifanya nigeuke kutazama dirisha. Sisi wote tulikuwa tumeandika habari ya nguo, inzi na wali, na yeye peke yake ndiye aliyeuliza mikono hiyo inayoanika na kuanua ni ya nani. Halafu tazameni alichokifanya. Pungua inaishia ua, ila si kinyume kilichotengenezwa kutoka kitenzi kingine, hakuna "punga" ya kupungua. Ni kitenzi kilichozaliwa hivyo. Katika ubeti uliojaa vitu vinavyofanywa na kufanyuliwa, siku ndiyo peke yake inayokwenda bila kurudishwa. Yeye hakuyapanga hayo kwa akili za sarufi. Aliyaona kwa mama yake.

Nawasihi walimu wenzangu wanaosoma haya: mtoto akikuletea mshororo wa namna hiyo, usimsahihishe herufi kubwa siku hiyo.

Si kila neno lina kinyume, na hilo nalo ni shairi. Tuliwahi kutafuta kinyume cha kiu. Njaa ina shibe. Kiu ina nini? Tulizunguka na kukata kiu, kutokuwa na kiu, kuburudika, lakini neno moja la kusimama mbele ya kiu kama shibe inavyosimama mbele ya njaa hatukulipata darasa zima. Mtoto mmoja akasema labda ni kwa sababu njaa inamalizwa na kiu hairidhiki. Nililiandika pembeni mwa ubao, likakaa pale wiki nzima. Mara nyingine nikiona mtoto amekwama namwachia atunge juu ya kukwama kwenyewe.

Tena kuna maneno yenye vinyume vingi kuliko kimoja, na hayo ndiyo ninayoyapenda kupita yote. Bichi ya kuni ina kavu, bichi ya embe ina bivu. Gumu ya mkate ina laini, gumu ya hesabu ina rahisi. Siku moja niliwapa neno zima, nikawaambia watafute linapingana na nini. Nilitaka waseme mtu mzima na mtoto, basi, tuendelee. Nikawapa usiku mmoja.

Kesho yake msichana ambaye siku zile alikuwa akichelewa shule karibu kila asubuhi, na ambaye nilikuwa nimeshamwadhibu mara mbili kwa kuchelewa, akaniletea karatasi. Mishororo miwili tu, tathnia:

Bibi ni mtu mzima, ila leo si mzima,
Andazi lake ni zima, na taa ameizima.

Nilisoma nimesimama, nikakaa nikasoma tena. Neno ni lile lile mara nne, na kila mara kinyume chake ni kingine. Mtu mzima, kinyume chake mtoto. Mzima, kinyume chake mgonjwa. Andazi zima, yaani halijamegwa. Kuizima taa, kinyume chake kuiwasha. Vinyume vyote vinne havikutajwa, na vyote vimo ndani ya chumba kile: mtoto anayetazama, ugonjwa, tonge lisiloliwa, mwanga usiokuwapo. Mizani 8 kila kipande. Mimi nilisoma arudhi, yaani sheria za utunzi, kutoka sanduku la bati nikiwa na miaka kumi na saba, na sijawahi kuandika mishororo miwili mizuri kama hiyo.

Sikumwambia kwamba ni zuri. Nilimuuliza, "Bibi anaendeleaje?"

Akasema yeye ndiye anayemwogesha asubuhi kabla ya kuja shule.

Tulipanga na mwalimu mkuu awe anaingia kipindi cha pili mpaka bibi yake apate nafuu. Ile adhabu nilimwomba radhi. Ningemwomba mbele ya darasa, lakini nilihisi kwamba lile lilikuwa lake na bibi yake, si la ubaoni.

Ijumaa ile, baada ya kipindi cha mwisho, nilipanda gari kwenda Pangani. Deni langu lilikuwa na miaka kumi. Bibi alikuwa bado na nguvu za kukaa barazani, ila macho yalikuwa yameanza kuingia ukungu, akanitambua kwa sauti niliposema shikamoo. "Marahaba, mume wangu. Umekuja na barua ya kunipa talaka?"

Nikamwambia nimekuja na shairi. Akacheka, akasema la ajuza asilisikie tena.

Nilikuwa nimelitengeneza njiani, na niliona ajabu jinsi lilivyokuwa rahisi mara nilipoacha kuanza na kina. Nilianza na neno ambalo yeye mwenyewe analiitikia, yaani bibi, nikaliweka mwanzoni mwa mshororo mahali pasipodai kina chochote, halafu nikatafuta ninachotaka kumfanyia. Mishororo mitatu ya juu sikuigusa, maana ilikuwa kweli tangu zamani. Nikamsomea:

Usiku alinilaza,
hadithi akaeleza,
ndiye aliyenikuza,
bibi yangu namtuza.

Alikaa kimya kidogo, akiusogeza mdomo. Nadhani alikuwa akihesabu, ingawa shule hakwenda. Wanawake wa pwani waliokua kwenye kuimba harusi na kusoma tenzi wana mizani masikioni.

"Unanituza," akasema. "Na tuzo iko wapi?"

Nikababaika, nikaanza kupapasa mfukoni. Akanizuia kwa mkono. Akashika pembe ya kanga yake, penye fundo alimofunga akiba yake, akalifungua taratibu kwa vidole vilivyokuwa vikitetemeka, akatoa noti ya shilingi 500 iliyokunjwa mara nne. Akaikunjua. Kisha akanivuta kichwa nikainama, akanibandika noti ile kwenye paji la uso, kama wanavyotuzwa waimbaji harusini.